Kansere ya ngozi inayojipunguza yenyewe: si sababu ya kungojea

Wasikilizaji wetu, kutoka Kikula mpaka Panda utasikia watu wanasema: «Fulani alikuwa na kansere, ikaisha yenyewe.» Je, inawezekana?

Ndiyo, lakini ni mara chache kabisa. Mu mwaka 1966, wanganga wawili wa Marekani, Everson na Cole, walitoa kitabu juu ya jambo hili. Walitafuta visa vya dunia nzima tangu 1900, kwa kansere za kila namna. Walikubali 176 tu. Kati yao mulikuwa melanoma, kansere ya chembe zinazopatia ngozi rangi, hata ile iliyokwisha kusambaa.

Kwetu sisi weusi, melanoma inapenda kuanzia chini ya muguu, mu kiganja ao chini ya ukucha. Ya Bob Marley ilianzia mu kidole cha muguu; alikufa tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kwa nini wakati mwingine inajipunguza? Wanganga wanaona ni askari wa mwili ndio wanaipiga. Jirani zetu wa Uganda walisaidia kuelewa hii. Mu 1967 munganga M. G. Lewis aliandika juu ya wagonjwa wa kule: damu ya wengine ilikuwa na kinga dhidi ya melanoma yao wenyewe. Leo kuko dawa zinazoachilia freni ya askari hao. Allison na Honjo walipata Nobel juu ya kazi hiyo mu 2018.

Lakini angalisho: alama inaweza kufifia, hata kupotea, na kumbe ugonjwa ulishaingia mu mitoki ya kinena. Mutu anafurahi amepona, kisha uvimbe unatokea. Alama kupotea si kupona.

Basi ukiona alama nyeusi inakua, inabadilika rangi, inatoka damu, kidonda cha muguu kisichopona, ao mustari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, usiikate na wembe. Enda lopitali, wakate kipande na wakipime. Ikiwa ingali ndogo, kuikata kunaweza kuimaliza. Na kama ilififia yenyewe, shukuru Mungu, lakini enda uonyeshe vilevile.