Datsun 240Z: Gari la Vumbi na Sharafu

Gari la aina hii, lililodhihirishwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa safu moja, lilijipatia sharafu yake kubwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, ambako vumbi, matope na mawe ya njia za mashindano ya magari ya Safari Rally yaliyashinda magari mengi ya thamani kubwa zaidi.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walitwaa ushindi wa mashindano hayo kwa gari hili. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiongozwa njia na Lofty Drews, akalipatia gari hili ushindi huo tena, ijapokuwa alilingana alama na dereva Harry Källström.

Utengenezaji wake ulikoma zamani, walakini mahaba ya mashabiki hayajapungua; kwani pamoja na jamala ya boneti yake ndefu na paa literemkalo, mitambo yake ni sahali, kiasi kwamba fundi stadi aweza kuifungua na kuihuisha kwa spana zake mwenyewe, na tangu mwaka 2003 mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yamewapa wenye kuyaenzi fursa ya kuyakimbiza tena katika nchi iliyoyatukuza.