Habari za Tekenya, na Jinsi Alivyofika Nchi ya Ziwa Nyasa

Watu wengi wa Mbinga, wa milimani na wa pwani ya Ziwa Nyasa, hudhani ya kuwa tekenya, ambaye wengine humwita funza, amekuwako nchini tangu enzi za mababu. Na kwa kuwa hudhani hivyo, huitafuta sababu yake katika mambo ya kale: laana ya ukoo, kijicho cha jirani, au mkosi wa nyumba. Walakini tekenya si wa asili ya nchi hii, wala si wa asili ya Afrika. Ni mgeni, na mwaka wa kufika kwake wajulikana. Yafaa sisi walimu tuzifahamu habari hizi, maana asiyezijua huweza kumwadhibu mtoto kwa kosa asilolitenda.

Kwanza tutazame jina. Katika Kiswahili, funza ni buu, yaani mdudu wa nyama iliyooza na wa mazao shambani. Jina hilo la zamani limepewa mdudu mpya, nalo lamwelekea, kwa kuwa akitolewa mguuni huonekana mweupe, mnene, laini kama buu. Jina la pili, tekenya, lina sauti moja na kitenzi kutekenya, yaani kumgusa mtu mbavuni kwa vidole hata acheke. Na kila aliyeingiwa na mdudu huyu aujua mwasho wake wa kwanza. Wasemao Kinyanja humwita matekenya. Wareno wa Brazili humwita mdudu wa mguu, nao walimjua mapema kuliko sisi, maana huko ndiko kwao.

Asili ya tekenya ni Amerika. Wahispania waliofika visiwa vya Karibi waliandika juu yake katika karne ya 16, jinsi alivyowatesa miguu. Mwaka 1872 meli ya Waingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro, ikafika Ambriz katika pwani ya Angola, nayo ilikuwa na mchanga wa farumi, yaani uzito wa kuituliza meli isiyo na shehena. Katika mchanga ule walikuwamo tekenya. Mchanga ulipomwagwa ufuoni, wakapata nchi mpya.

Sasa tupime miaka. Livingstone aliliona Ziwa Nyasa mwaka 1859, akafa mwaka 1873. Alipokufa, tekenya alikuwa na mwaka mmoja tu barani, tena mbali sana, katika pwani ya magharibi. Kadhalika Wamatengo walipojikusanya milimani kwa hofu ya Wangoni, walikuwa na taabu nyingi, lakini taabu ya tekenya haikuwamo. Basi mtu asemaye kwamba mdudu huyu ni urithi wa mababu hao, awasingizia.

Alisafiri jinsi gani? Kwa miguu ya watu. Wakati ule mizigo yote ilichukuliwa vichwani na mabegani, na wapagazi walikwenda peku, wakilala kila usiku katika kambi zenye vumbi ambamo wenzao walilala jana. Njia ya misafara ikawa njia ya tekenya. Alipanda mto Kongo, na safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha, ya miaka 1887 hata 1889, ilisaidia kumpeleka bara. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita Uzinza, kusini ya ziwa la Viktoria, akaona watu wameharibika miguu kwa vidonda, hata kuvuna mashamba yao ilikuwa shida. Katika miaka hiyo ya 1890 aliingia pande zetu za Nyasa, na kabla ya karne kwisha alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Katika muda usiotimia miaka 30 alikuwa amevuka bara zima. Mahali alipofika mara ya kwanza aliumiza kupita kiasi, kwa sababu watu hawakujua ni nini wala namna ya kumtoa mapema.

Mdudu mwenyewe ni wa jamii ya kiroboto, naye ni mdogo kuliko wote, urefu wake kama milimeta moja. Jike hupenya ngozi, hasa kandokando ya kucha na kisiginoni, akaacha nje ncha ya nyuma tu, ili apate pumzi na kutoa mayai. Ndiyo ile nukta nyeusi tunayoiona katikati ya uvimbe. Kwa muda wa wiki moja au mbili hufura hata kuwa kama punje ya mtama au zaidi, hutoa mayai mengi, kisha hufa mumo humo ndani ya ngozi. Mayai huanguka chini, huangua katika vumbi, na baada ya wiki tatu au nne huwa viroboto wapya.

Kwa hiyo dhana tatu zaanguka. Ya kwanza ni kwamba tekenya ni laana. Laana haiji na mchanga wa meli, wala haifuati njia ya wapagazi. Ya pili ni kwamba akitolewa mguuni habari zake zimekwisha. Kumbe kizazi chake kimo sakafuni. Ya tatu ndiyo yenye kuumiza zaidi: kwamba mtoto mwenye tekenya ni mchafu na mvivu, au ni wa ukoo wenye ila. Mtoto huweza kuoga kila siku, lakini akilala juu ya sakafu ya udongo wenye vumbi, karibu na nguruwe au mbwa ambao nao huingiwa na tekenya, ataingiwa vilevile. Ndugu hufanana katika taabu hii kwa sababu walala chumba kimoja. Damu ya ukoo haina neno. Achekwaye darasani huficha miguu yake, kisha huacha shule, na vidonda huzidi hata kushindwa kutembea.

Na iko hatari nyingine. Pini moja ikipita katika miguu ya watoto wengi huweza kuchukua homa ya ini na magonjwa mengine ya damu, na kidonda kichafu hufungua mlango wa pepopunda. Siku hizi yako mafuta ya dimetikoni, ambayo hupakwa juu ya ile nukta nyeusi, yakaziba pumzi ya mdudu, naye akafa pasipo kuchokolewa. Pamoja na hayo, sakafu na inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, au isakafiwe kwa saruji kama yawezekana. Nguruwe wawe na banda lao mbali na malalo. Watoto wavae viatu, nao wachanjwe pepopunda.

Basi, walimu wenzangu, tukimwona mtoto achechemeaye, tusianze kwa fimbo wala kwa maswali juu ya ukoo wake. Tuulize alala wapi, na sakafu yake ni ya namna gani. Adui huyu aliingia kwa mchanga, na hata leo makao yake ni mchangani; hapo ndipo pa kumpigia.