Neno moja, mila mbili: mwami wa Bushi na mwami wa Bulega

Leo tunaongea juu ya neno moja ambalo sisi wote wa Kivu ya Kusini tunalijua: mwami.

Muulize Mushi, mwami ni nani? Atakujibu: ni mtawala wa usultani, mzaliwa wa ukoo wa utawala. Kabare ina mmoja, Ngweshe ina mmoja. Kwa Bahavu na Bafuliru ni vivyo hivyo. Rwanda ilikuwa na mwami mpaka mwaka 1961, Burundi mpaka 1966.

Sasa muulize Murega wa Mwenga, wa Shabunda au wa Pangi. Kwake mwami si mfalme. Ni mtu aliyeingia katika Bwami na kupanda daraja moja baada ya lingine, pengine mpaka kindi, lililo la juu kuliko yote. Bami ni wengi, na hakuna mmoja anayewatawala Barega wote. Hapandi kwa kuzaliwa tu. Anapanda kwa mwenendo mwema, kwa mafundisho ya mithali na kwa msaada wa jamaa zake wanaochanga mali pamoja naye. Mke wake naye ana madaraja yake. Sanamu ndogo za pembe na za mti, ambazo leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, zilikuwa vyombo vya kufundishia katika Bwami.

Serkali ya Wabelgiji haikuelewa jambo hili. Ilitafuta shefu mmoja wa kumpa amri, ikakuta wazee wengi wenye heshima. Mwaka 1948 ikaukataza Bwami. Lakini haukufa. Mwanachuoni Daniel Biebuyck, aliyekaa na Barega miaka ya 1950, alishuhudia sherehe zake kwa macho yake.

Kwa nini majirani hawa wanatofautiana hivi? Sababu moja ni nchi yenyewe. Bushi ni milima yenye watu wengi, ng'ombe na mashamba yaliyobanana. Panapokuwa na watu wengi na udongo mchache, panahitajika mtu wa kugawa. Bulega ni msitu mkubwa, na vijiji vyake vilikuwa vidogo, vya watu wa ukoo mmoja. Aliyechoka na amri aliweza kwenda mbele na kufyeka msitu mwingine. Huko mkubwa alipaswa kuheshimiwa kwanza, ndipo asikilizwe.

Lakini sikia jambo lingine. Masimulizi mengi ya nasaba za bami wa Bushi yanasema kwamba wazee wao walitoka Lwindi. Na Lwindi iko wapi? Iko Mwenga, kwa Banyindu, mpakani mwa msitu na milima, ambako mila za Barega na za Bashi zimechanganyika. Hata leo, ndani ya Mwenga, Burhinyi na Luhwinja ni za Bashi, Basile na Wamuzimu ni za Barega. Basi tofauti ipo, lakini si ukuta. Ni kama kingo mbili za mto mmoja.

Pengine unauliza, mambo ya zamani haya yanatusaidia nini sisi tuliokimbia vita? Yanasaidia sana. Tuchukue mfano. Familia inatoka msituni na kupokelewa milimani. Mwenyeji, kwa moyo mwema, anawapa kipande cha shamba. Baada ya miezi, baba wa familia ile anapanda ndizi, kwa sababu ndizi ndicho chakula alichokulia. Mwenyeji anakuja mbio na hasira: "Unataka kuninyang'anya shamba!" Mgeni anashangaa. Kupanda chakula cha watoto kumekuwa wizi tangu lini?

Hakuna mwongo kati yao. Katika desturi ya Bushi kuna kalinzi, yaani kumtolea mwami au shefu ng'ombe au mali, nawe unapata haki ya shamba, wewe na watoto wako. Na kuna bwasa, yaani kuazimwa shamba kwa muda tu. Kwenye bwasa unapanda maharagi au mahindi, unavuna, unarudisha. Hupandi ndizi, kwa sababu ndizi inakaa miaka mingi, na anayeipanda anaonekana kusema: hapa ni pangu. Sheria ya mwaka 1973 ilisema udongo ni mali ya serkali, lakini vijijini desturi hizi hazikufa. Mgeni wetu hakuelezwa na mtu, naye hakuuliza.

Kosa la pili linatoka upande wa wenyeji. Mzee wa kindi anafika kambini na nguo zilizochanika. Shefu anamwona kama mtu yeyote, kwa sababu hana usultani. Hajui kwamba neno moja la mzee huyo laweza kutuliza vijana mia moja. Siku ugomvi unapowaka, shefu anatafuta msemaji wa wakimbizi, kumbe alimwacha amesimama mlangoni.

Ndugu shefu, wageni wakifika, uliza: kati yenu ni nani anayesikilizwa? Umkalishe barzani. Siku ya kutoa shamba, sema mbele ya mashahidi: ni kwa muda gani, nini kipandwe, nini kisipandwe. Na wewe uliyepokelewa, uliza kabla ya kutia jembe. Kuuliza si aibu. Mgeni anayeuliza hapotezi mila yake, anailinda pamoja na ya mwenyeji.

Wanaotaka vita wanatuambia kwamba tofauti zetu ni uadui. Historia yetu inasema kingine. Bashi na Barega waliishi jirani muda mrefu, kila mmoja na mwami wake kwa maana yake, wakatumia neno moja.

Jioni ya leo, mkiisha kula, mzungumze: kwetu shamba la kuazimwa linapandwa nini? Kwetu mtu anapataje heshima? Kila mmoja asikilize jibu la mwenzake mpaka mwisho.

Amani iwe kwenu, mpaka tutakapoonana tena katika mazungumzo mengine.