Nishani Kifuani mwa Mzee



Tarehe 11 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari aliyelikata joho lake vipande viwili ili amfunike maskini mlangoni mwa mji. Siku hiyohiyo, tangu mwaka 1918, mataifa mengi hukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Inapokaribia, sisi humkumbuka mzee mmoja ambaye tulimkosea.

Tulipokuwa watoto, katika miaka ya Zaire, mzee huyo alikuwa akija Misani kila sikukuu ya taifa akiwa amevaa abakosti iliyopauka, na juu ya moyo wake zikining'inia nishani mbili. Siku za kawaida alishona viatu. Usiku wa kuamkia sikukuu alizisugua nishani zake kwa majivu na ndimu, na asubuhi aliketi benchi la mbele, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Sisi tulimcheka. Tulisema amejipamba kwa vifuniko vya chupa. Siku moja mwenzetu mmoja alithubutu kumwuliza alizipata wapi, naye akajibu neno moja tu: "Saio." Hatukulijua neno hilo, wala hatukutaka kujua. Tulikwenda zetu kucheza mpira.

Miaka mingi baadaye, tukiwa katika masomo ya ualimu, tulilikuta neno lile kitabuni. Mwaka 1941 Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Mei ya mwaka uliotangulia, na serikali yake ilikuwa imekimbilia London. Lakini askari wa Kongo, wale wa Force Publique, walivuka Sudani na kupanda milima ya magharibi ya Ethiopia ili kupigana na jeshi la Italia. Waliteka Asosa mwezi wa Machi, kisha Gambela. Halafu mvua zikaanza, njia zikakatika, chakula hakikufika, na kwa miezi kadhaa walikaa chini ya mlima wa Saio wakiugua beriberi kwa sababu ya lishe duni. Tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha, pamoja na majenerali wengine wanane. Waliojisalimisha walikuwa wengi kuliko waliowateka. Mji ule siku hizi huitwa Dembi Dolo, na sidhani watu wake wengi wanajua kwamba vijana wa Uele, wa Kasai na wa Katanga walizikwa karibu nao.

Baada ya vita Ubelgiji ilitoa nishani ya vita vya Afrika, na aliyepigana Ethiopia aliongezewa kipande kidogo cha chuma juu ya utepe, kimeandikwa jina la nchi ile kwa Kifaransa. Ndicho tulichokiita kifuniko cha chupa.

Wako wanaosema kwamba mzee wa namna hii hakustahili kujivuna, maana alipigana vita vya bwana wake. Hoja hiyo tunaifahamu, na hatuwezi kuitupa. Jeshi lile lile ndilo lililotumwa vijijini wakati wa mpira na wakati wa kodi. Mwaka 1909, miezi michache baada ya Kongo kuwa koloni rasmi la Ubelgiji, Mwenye heri Isidori Bakanja alichapwa na wakala wa kampuni mpaka nyama ikatoka mgongoni, kwa sababu alikataa kuivua skapulari ya Bikira Maria shingoni mwake. Kwa mambo hayo dola ile haikuwa na aibu: kifua cha Mkristo mwenye skapulari kilidharauliwa, na miaka thelathini na kitu baadaye kifua cha Mkongo mwingine kikapachikwa chuma cha mfalme. Hata jeshini kiboko kiliendelea. Aliyeuteka mlima wa adui aliweza kulazwa chini mbele ya wenzake kwa kosa la kifungo kisichofungwa. Na mwanzoni mwa mwaka 1960 hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa afisa.

Lakini mfikirieni mzee mwenyewe. Hakupewa shamba wala cheo. Katika maisha yake yote, karatasi za serikali zilimhesabu kwa ajili ya kodi na kazi za lazima. Nishani ilikuwa kitu pekee kilichosema kwamba alikuwako, kwamba aliumwa na njaa mahali fulani, mwaka fulani, na hakukimbia. Alipoiweka kifuani siku ya tarehe 30 Juni, hakuwa akimwimbia Mbelgiji. Alikuwa akituonyesha sisi hati ya deni. Sisi hatukujua kusoma.

Kuna deni lingine kubwa zaidi, na hapo ndipo tunapojilaumu kama walimu. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto kwamba askari wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 chini ya Jenerali Tombeur. Watoto waliandika tarehe, wakapata alama zao, tukafuta ubao. Tombeur naye alifanywa baroni, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake na la uzao wake. Lakini askari hao walikula nini njiani? Nani alibeba mizinga katika milima ya Rwanda, na risasi, na mahema ya maafisa? Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa Kongo katika vita ile walifika 260,000. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakaenda peku, wakalala mvuani. Maelfu walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa njaa, wakiwa wamebeba chakula vichwani. Hao hawakuwa na nishani za kusugua kwa majivu. Hakuna mtoto aliyewacheka kanisani, kwa sababu hawakuwa na kitu cha kuonekana.

Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji, akiwa Kinshasa mbele ya mnara wa askari wa zamani, alimvalisha nishani Koplo Albert Kunyuku, aliyekuwa na umri wa miaka 100. Huyu alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa mbali zaidi, mpaka Burma huko Asia. Wakati wenzake wengi walikuwa wamekwisha kulala makaburini, yeye alisimama kwa niaba yao wote. Tuliitazama picha yake kwa muda mrefu. Kifua kile kilikuwa kimengoja miaka sabini na saba tangu vita viishe.

Mnakumbuka katika kitabu cha Yoshua jinsi Waisraeli walivyoagizwa kutoa mawe kumi na mawili mtoni Yordani, ili siku moja watoto waulize maana yake. Mzee wetu alikuja na jiwe lake kila sikukuu. Aliyekosekana ni mtoto wa kuuliza na kungoja jibu. Alizikwa mwaka tuliokuwa shule ya sekondari, na hatujui nishani zile ziko wapi. Huenda ziliuzwa sokoni kwa uzito wa shaba.

Kwa hiyo tunawaomba, kabla ya mkutano wa Novemba, mwaulize babu na bibi zenu nani katika ukoo alikwenda vitani, alitumwa wapi, na kama alirudi. Mwenye nishani nyumbani ailete, ailinde, asiisugue sana. Asiye nayo aulize habari za mizigo: nani alichukuliwa, kutoka kijiji gani, alibeba nini. Daftari litakuwa mezani sakristiani. Ukurasa wa kwanza tumeuacha kwa ajili ya wapagazi.