Mti wa sentensi na ugomvi wa “Amekuja”

Wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, jirani yangu hapa Mafiga alinijia na daftari la binti yake anayesoma sekondari. Swali lilitaka sentensi “Amekuja” ichanganuliwe kwa njia ya matawi. Binti aliandika S (sentensi) juu, akashusha tawi la KN (kundi nomino), chini yake akaweka alama ya utupu, kisha KT (kundi tenzi) upande wa kulia. Mwalimu akalikata tawi la KN kwa kalamu nyekundu. “Jirani, nani kakosea?”

Kuchora sentensi hakukuanzia kwetu. Mwaka 1847 Mmarekani Stephen Clark alizungushia maneno viduara, na mwaka 1877 Alonzo Reed na Brainerd Kellogg wakayapanga juu ya mistari. Mti tunaoujua, mizizi juu na majani chini, ulienea baada ya Noam Chomsky kuchapisha Syntactic Structures mwaka 1957. Kwa Kiswahili, wengi wetu tunautazama kupitia Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya Massamba, Kihore na Hokororo, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1999.

Faida ya mti huo naiona kwenye sentensi kama “Nimemwona mwalimu wa mtoto mgonjwa.” Mgonjwa ni nani? Ngeli haisaidii, maana mwalimu na mtoto wote ni wa ngeli moja. Ukilining’iniza neno “mgonjwa” chini ya “mtoto”, anayeumwa ni mtoto. Ukilipandisha tawi moja, ni mwalimu. Maneno ni yale yale, miti ni miwili.

Lakini “Amekuja” inausumbua mti huo. Ulikuzwa kwa Kiingereza, ambako mtenda husimama peke yake mbele ya kitenzi. Kwetu amejificha ndani, kwenye ile “a-”. Mwaka 1987, katika jarida la Language, Joan Bresnan na Mmalawi Sam Mchombo waliichambua Chichewa, ndugu wa Kiswahili, wakasema kiambishi cha kiima kina kazi mbili. Nomino ikiwepo, kinaweza kuwa upatanishi tu. Nomino isipokuwepo, chenyewe ni kiwakilishi, yaani chenyewe ndicho kiima. Ukiifuata hoja hiyo, tawi tupu halina kazi, na mwalimu ana haki. Ila wapo wanaisimu wanaoshika kwamba kila sentensi ina nafasi ya kiima hata isiposikika, na kwao mchoro wa binti umesimama sawasawa.

Kinachoniuma ni ile kalamu nyekundu isiyo na neno pembeni. Swali lililowagawa wanaisimu limefanywa kosa la alama mbili. Watoto wetu wanakariri KN na KT kama namba za simu, wala hawaambiwi kwamba lugha yao wenyewe ndiyo inayoupa mti huo taabu. Na Kiluguru, kinachozungumzwa milimani juu yetu, sijakiona hata siku moja kikichorewa mti ubaoni.

Nilimwomba binti amuulize bibi yake, aliyeteremka kutoka Mgeta huko milimani, “amekuja” husemwaje kwao. Bibi akajibu kwa neno moja. Binti akaliandika, akalikata kipande cha mwanzo, akauliza tawi lake liende wapi.