Laini ya Shaba Imekufa, Ruta Ingali Hai

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale hapa Mombasa, juu ya kabati au ndani ya kidaka cha ukutani, utaikuta ruta kuukuu ya laini ya simu. Tundu lake la simu halina kazi tena: waya wa shaba uliokuwa ukiingia nyumbani ulikatwa, au uliibwa, au uliachwa ukaoza, na faiba ikashika nafasi yake. Wenyewe hawajaitupa. Wakiniita niwafikishie Wi-Fi vyumba vya ndani, jambo la kwanza ninalouliza ni kama ruta ile ya zamani bado ipo. Mama mwenye nyumba hushangaa: “Mwanangu, hiyo si ilikufa na simu?” Nami humjibu kwamba ndani ya kisanduku kile mna vyombo vitatu, kila kimoja na historia yake, na kilichokufa ni kimoja tu.

Historia ya kwanza ni ya shaba. Ami yangu alikuwa fundi wa laini enzi za shirika la posta na simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999 na kuzaa Telkom Kenya. Alipanda nguzo na kuunganisha jozi za nyuzi zilizosokotwa, na kwake waya ule ulikuwa wa sauti za watu, basi. Sauti hiyo ilihitaji masafa ya chini ya 4 kHz tu; nafasi iliyobaki juu yake ilikaa tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider, mhandisi wa Bellcore nchini Marekani, alionyesha kwamba waya uleule ungeweza kubeba data nyingi iwapo upande wa kupokea ungepewa nafasi kubwa kuliko upande wa kutuma. Hiyo ndiyo ADSL. Toleo la ADSL2+, la mwaka 2003, lilipanda hadi masafa ya 2.2 MHz, na aliyekaa karibu na kituo cha simu angeweza kufikia megabiti 24 kwa sekunde. Aliyekaa mbali aliambulia kidogo, maana shaba hupunguza nguvu ya mawimbi kila waya unaporefuka. Mwaka 2009, mkongo wa baharini wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilikuwa wazi kwamba siku za shaba zinahesabika. Faiba ilipoingia mitaani, modemu ya ADSL ilibaki bila kazi.

Historia ya pili ni ya anwani. Intaneti iliundwa kwa anwani zipatazo bilioni 4.3, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi walishaona kwamba hazitatosha. Mwaka 1994 ilichapishwa njia ya kuzifanya mashine nyingi zitoke nje kwa anwani moja. Mwaka huohuo yakatengwa makundi ya anwani za matumizi ya ndani, likiwemo lile linaloanza na 192.168 ambalo karibu kila fundi wa mtandao analijua kwa moyo. Kazi ya kugawa anwani hizo nyumbani hufanywa na utaratibu uitwao DHCP, uliowekwa mwaka 1993. Ruta ya faiba inaifanya kazi hiyo vizuri, kwa hiyo ya zamani haina budi kuiacha. Nyumba yenye ruta mbili zinazogawa anwani kila moja kwa hesabu yake ndiyo ile ambayo simu moja inapata mtandao na ya jirani yake kwenye kochi hilohilo haipati.

Historia ya tatu, ya redio, ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoibakiza ruta hai. Mwaka 1985, tume ya mawasiliano ya Marekani, kwa msukumo wa mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu masafa kadhaa yatumiwe na yeyote bila leseni, mradi chombo chake kitawanye mawimbi na kisizidi wati 1. Mojawapo ni masafa ya 2.4 GHz, ambamo oveni za maikrowevu tayari zilikuwa zikinguruma. Yalihesabiwa kuwa makapi. Walioyachangamkia mapema ni wauzaji wa rejista za pesa: wahandisi wa kampuni ya NCR huko Uholanzi walitaka rejista za madukani ziwasiliane bila waya, ili mwenye duka akihamisha kaunta asilazimike kutandaza waya upya. Mmoja wao, Vic Hayes, aliiongoza kwa miaka kumi kamati ya 802.11 iliyotunga kanuni ya pamoja, ile tuiitayo leo Wi-Fi. Kanuni ya kwanza ilitoka mwaka 1997 ikiwa na megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 zikafika 11, na mwaka 2003 zikawa 54. Lililo muhimu kwetu ni kwamba katika masafa ya 2.4 GHz kila kanuni mpya ilitakiwa ielewane na iliyoitangulia. Ndiyo maana simu iliyonunuliwa juzi inaongea na ruta iliyoundwa kabla mwenye simu hajaanza shule.

Hapa Mji wa Kale historia hiyo inakutana na kuta zetu. Nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha kuzuia joto la adhuhuri, na vyumba vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ukuta unaozuia jua vile huzuia na mawimbi. Ruta ikiwekwa sebuleni, kuta mbili tu zinatosha kuliacha jiko bila mtandao. Kuongeza kasi ya kifurushi hakusaidii. Kinachosaidia ni kusogeza redio nyingine upande wa pili.

Basi naichukua ile kuukuu. Kwa pini nabonyeza kitufe kilichofichwa nyuma hadi isahau yote iliyofundishwa zamani. Naiunganisha na kompyuta kwa waya, naipa anwani 192.168.1.2 kama ya faiba ni 192.168.1.1, kisha nazima DHCP yake. Nabadilisha nenosiri la kuingilia mipangilio. Naipa Wi-Fi jina na nenosiri vilevile vya ruta ya faiba, ila chaneli tofauti: moja ikiwa kwenye 1, nyingine naiweka 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Mwisho napitisha waya wa mtandao kando ya ngazi, nikifuata boriti ili nisitoboe matumbawe ovyo, na kuuchomeka kwenye tundu la kawaida la mtandao, kamwe si lile la simu. Siiweki ndani ya kidaka, hata kama inapendeza pale. Naiweka mlangoni, mahali inapouona ua.

Si kila ruta inastahili kazi hii. Iliyojua WEP peke yake naikataa, maana ulinzi huo ulivunjwa tangu 2001. Machi 2006, kujua ulinzi wa WPA2 kukawa sharti la chombo kipya kupewa nembo ya Wi-Fi, na huo ndio mpaka wangu. Na mwenye nyumba namweleza wazi kwamba tundu la zamani mara nyingi huishia megabiti 100, zinazotosha kwa jikoni na chumba cha watoto wanaosoma.

Desturi hii ina deni kwa ruta moja mashuhuri, WRT54G ya Linksys, iliyotoka Desemba 2002. Wadadisi waligundua kwamba programu yake ilijengwa juu ya Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo. Msimbo ukatolewa mwaka 2003, na mapema 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unazipa ruta zilizoachwa na watengenezaji wake programu mpya. Watu waliopewa ufunguo wa kisanduku chao walikiongezea miaka.

Ndiyo maana sikubali kimya ninapokuta ruta ya faiba ambayo ukurasa wake wa mipangilio umefungwa, mwenye nyumba asiweze hata kuzima DHCP. Siku mkataba utakapokwisha, redio nzima nzima itakwenda jaani kwa kukosa nenosiri. Kabla ya kutia saini, muulize anayekuletea faiba swali hili: nikikuacha, ufunguo wa ruta hii utaniachia? Jibu likiwa hapana, jua kwamba kilichowashughulisha Marcus mwaka 1985 na Hayes kwa miaka kumi, yaani mlango ulio wazi kwa yeyote, kinafungwa tena ndani ya nyumba yako mwenyewe.