Umri wa silikanti: magamba yasahihisha hesabu ya wataalamu

Mfugaji wa samaki wa Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, huweza kuvua ngege bwawani mwake baada ya miezi sita hadi minane, kisha akaweka vifaranga wengine. Samaki wa vilindini hawafuati kalenda hiyo. Kuhusu silikanti, ambaye mmoja wao alinaswa karibu na Malindi mwaka 2001, hata wataalamu walikosea hesabu kwa muda mrefu.

Silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja nchini Afrika Kusini mwaka 1938. Hukua akakaribia mita mbili.

Umri wa samaki wengi hukadiriwa kwa kuhesabu miduara inayojengeka mwaka baada ya mwaka katika magamba au katika vijiwe vya masikio, mithili ya pete za gogo la mti. Watafiti wa awali waliona miduara michache minene katika magamba ya silikanti, wakakisia kwamba huishi miaka 20 hivi. Makisio hayo yalikuwa na walakini, kwani yalimfanya samaki huyu mzito, asiye na haraka, aonekane kukua upesi ajabu.

Mwaka 2021, Kélig Mahé wa taasisi ya Ifremer ya Ufaransa na wenzake walichapisha uchunguzi wa silikanti 27 waliovuliwa Komoro. Chini ya darubini yenye mwanga uliochujwa, ilijitokeza miduara myembamba ambayo haikuwa imeonekana, takriban mitano kwa kila mmoja mnene. Samaki mzee kuliko wote alikuwa na miaka 84, na watafiti wakakadiria kwamba silikanti huweza kufikia 100. Hubeba mimba miaka mitano hivi, na hapevuki hadi akaribie miaka 55.

Hapo ndipo penye hatari. Tangu mwaka 2003, silikanti wengi wamenaswa Tanzania, hasa Tanga, katika jarife, nyavu zinazotegwa kwa ajili ya papa. Kwa hesabu ya zamani, jike wa miaka 40 angekuwa amekwisha kuacha watoto wengi. Kwa hesabu mpya, huenda hajazaa hata mara moja. Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga mwaka 2009, na biashara ya kimataifa ya samaki huyu imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES.